Mwalimu Uhamisho

Mtaani kwetu mke wangu anaitwa Mwalimu Uhamisho, na jina hilo amelitolea jasho. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha hesabu, shule tisa. Mwaka wa kwanza anaipenda shule. Mwaka wa pili anaanza kuona kasoro: ratiba mbaya, ofisi ina joto, mwalimu mwenzake anatafuna kalamu. Kabla darasa lake halijafanya mtihani wa mwisho, barua ya uhamisho imeshapelekwa, na matokeo ya watoto anakuja kuyasikia kwa watu. Mimi ni fundi cherehani. Kwangu nguo haitoki bila upindo, kwa hiyo tabia hii imenichoma roho tangu tuoane, na nimemwambia, tena si mara moja.

Kitinda mimba wetu alipopata kazi na kuhama nyumbani, nikajua sasa atatulia. Wapi! Akaja na fomu. Kuna shirika linatafuta walimu wa hesabu wa kujitolea, shule za vijijini, nchi ya jirani.

“Mwaka mmoja tu, Baba Watoto,” alisema, na sanduku limeshafungwa.

Nilinuna siku nne. Siku ya tano nikamshonea sketi mbili nzito za kufundishia, maana mtu ukimnunia haachi kuchakaza nguo.

Simu zake za mwanzo zilikuwa za furaha tupu. Amepewa darasa la saba, watoto thelathini na mmoja, wasikivu, wana hamu. Tatizo ni moja, wamefundishwa vibaya, hasa kugawanya. Namba inayogawanya wanaiweka kulia badala ya kushoto, na jibu wanaliandika chini yake badala ya kuliweka juu.

“Kila kitu kinyumenyume!” alisema. “Nimekata yote kwa kalamu nyekundu kwenye kila daftari. Tumeanza upya.”

Kuna binti mmoja alimsifia kila alipopiga simu, mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye wenzake wanamwita Profesa. Huyo, ukimweleza kitu mara moja, anakimaliza mwenyewe. Mke wangu hakuwahi kumsifia mwanafunzi namna hiyo, hata watoto wetu wa kuwazaa.

Mwezi wa nane akaanza kuitajataja shule nyingine, ya mbali zaidi, juu mlimani, haina mwalimu wa hesabu kabisa. Masikio yakanisimama.

“Umeshaandika barua?” nilimuuliza.

Akaanza kuniuliza habari za wateja wangu. Siku iliyofuata niliwaambia wateja wavumilie wiki moja, nikafunga duka na kupanda basi. Nilikuwa nimejiandaa kumrudisha nyumbani, hata kwa kumvuta mkono.

Nilimkuta anakaa kwenye chumba kimoja cha nyumba ya walimu. Kitanda cha chuma, meza iliyowekewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na sanduku lake wazi sakafuni, nguo nusu ndani nusu nje. Alinikumbatia, akanikalisha, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alizungumza nami saa nzima bila kukaa chini hata dakika moja. Mkataba wake ulikuwa bado na miezi mitatu, na roho yake ilikuwa imeshapanda mlima.

Kesho yake, saa nne asubuhi, tukiwa ofisi ya walimu, mwalimu mkuu aliingia na bahasha ya mtihani wa majaribio, ule unaofanywa wiki saba kabla ya mtihani wenyewe wa kuingia sekondari. Huyu mwalimu mkuu ni mtu mpole anayekohoa kila anapotaka kusema neno zito. Siku hiyo alikohoa mara tatu. Darasa la saba, hesabu: waliofaulu ni sita.

Mke wangu aliivuta karatasi ya Profesa. Akaipitia juu hadi chini, akaipitia tena.

“Majibu ni sahihi! Haya yote sahihi! Nani kasahihisha hii?”

“Mwalimu,” alisema yule mzee, “kwenye mtihani wetu jibu lina alama moja. Hatua zina alama tatu. Na hatua zinatazamwa kwa mpangilio wa vitabu vyetu.”

“Vitabu vyenu ndiyo vina ile ya kuweka kulia?”

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Tangu mimi nasoma.”

“Na mlikuwa mnaniona ninavyofundisha?”

“Tulikuwa tunakuona.”

“Sasa mbona mlikaa kimya?”

Mzee akakohoa. “Mwalimu, umeacha mume wako, umeacha nyumba yako, umekuja kutusaidia bure. Nani angeanza kukusahihisha?”

Mke wangu aliirudisha karatasi ya Profesa ndani ya bahasha. Niliona aibu kwa niaba yake mpaka nikatazama viatu vyangu. Lakini sitadanganya: ndani kabisa nilifurahi pia. Nilijua safari imeisha. Tulipofika chumbani nikamwambia, kwa upole wote nilionao, “Mama, twende zetu. Hapa pameshaharibika.”

“Nani kapaharibu?”

“Hukukusudia.”

“Watoto thelathini na mmoja, Baba Watoto. Nikiondoka sasa, nimewaharibia halafu nimekimbia.” Akachukua simu, akalipigia shirika, akafuta ombi lake la kuhamia mlimani mbele yangu. Nilikaa kitandani nikiwa sijui nicheke au nilie.

Mchana huo nilisimama nje ya dirisha la darasa, dirisha lisilo na kioo, nikamtazama akimpa Profesa chaki.

“Leo mwalimu ni huyu,” aliwaambia watoto. “Mimi nimewafundisha njia ambayo mtihani wenu hauitaki. Kosa ni langu, si lenu. Nami nataka kujifunza.”

Akajibana kwenye dawati la mbele, magoti yakagoma kuingia, akakaa upande. Profesa aliandika swali, akaeleza taratibu, kisha akamwita ubaoni. Mke wangu akashika chaki, na mkono ukaenda wenyewe kushoto.

“Kulia, Mwalimu!” darasa zima likapaza sauti.

Akafuta. Mara ya pili akaweka kulia, akasahau pa kuandika jibu. Watoto walicheka hadi wakapiga madawati, naye alikuwa anatoka jasho kwelikweli. Mara ya nne akapatia, wakampigia makofi. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku niliyomuoa.

Nilirudi kazini peke yangu, na zile wiki saba ugonjwa wake wa kutotulia ukanihamia mimi. Nilishona mkono wa kulia wa koti kwenye bega la kushoto. Mteja akija kupimwa, namwambia nyoosha mikono, halafu naenda mlangoni kutazama simu kama inashika mtandao. Kila jioni nauliza, “Leo vipi?” Leo tisa bado wanaweka kushoto. Leo watano. Leo hakuna, ila mmoja alisitasita. Mtihani ukafanyika. Mkataba wake ukaisha, shirika likamkatia tikiti, akaikataa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu, alisubiri matokeo.

Alipiga simu asubuhi nikiwa nimeshikilia mkasi.

“Ishirini na saba wamepita,” alisema.

Nilipiga kelele hadi muuza viatu wa jirani akaja mbio akidhani nimejikata. Nilikuwa nacheka peke yangu.

“Profesa hayumo,” alisema.

Nilikaa chini.

“Nimemuuliza,” aliendelea. “Kaandika maswali yote ya kugawanya kwa njia yangu. Yote. Nikamwambia, mwanangu, si wewe uliyenifundisha ile nyingine? Akasema, ‘Mwalimu, ile nilikuwa nimeikariri tu. Kwenye mtihani niliogopa, nikashika ile niliyoielewa.’”

Alilia, nikamwacha alie. Kisha nikauliza swali nililokuwa nalo kooni kwa mwaka mzima, “Unarudi lini?”

“Profesa anarudia darasa. Nitarudi mwakani, mwezi kama huu.”

Nilikasirika, nikamwambia nimekasirika. Nikamwambia nyumba imekuwa kubwa mno, nakula nimesimama. Akasikiliza yote.

“Unayo haki,” alisema. “Lakini nikiondoka, ataona alikosea kuniamini.”

Nilimuuliza tu kama kuna kitu anahitaji nimtumie. Akasema daftari mbili za hesabu, moja ya Profesa, moja yake mwenyewe.