Bibi Anakwenda Bagamoyo

Juzi binti yangu, anayefanya kazi benki hapa Kigali, aliniuliza kama Bagamoyo ni mahali pa kumalizia likizo. Wenzake kazini wanataka kwenda. Mmoja anasema ni mji wa historia, usipouona umekosa kitu. Mwingine anasema ni magofu na joto tu. "Mama, wewe si ulifika ukiwa mtoto? Niambie faida na hasara zake." Nikamwambia nitamjibu kesho, nikatoka kuanua nguo. Kesho imeshapita. Wewe rafiki yangu nitakueleza, maana husubiri ushauri.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na moja, na kaka wawili walionitangulia. Tulikaa Biryogo, kule Nyamirambo, hapahapa Kigali, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye baraza ya saruji. Baba alikuwa fundi cherehani na baraza ndiyo ilikuwa ofisi yake. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mandazi ya mama, kisha mlio wa cherehani ukaanza, ukakatika, ukaanza tena. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji bombani, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kuokota sindano zilizoanguka kwa kipande cha sumaku kilichofungwa uzi. Vita vilikuwa nchini tangu nikiwa na miaka saba. Tulikwishazoea vizuizi barabarani na watu kutoa mfukoni vitambulisho vilivyoandikwa kabila kabla hawajaulizwa.

Bibi, mama yake baba, alikaa nasi. Baba yake Bibi alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyekuja huku zamani za Wajerumani akibeba bidhaa za bwana wake, akaoa Mnyarwanda, hakurudi tena. Kwa ajili yake mtaani walituita Waswahili, na hawakukusudia sifa kila mara. Bibi hakuwahi kufika pwani. Lakini aliizungumza Bagamoyo kama anayetaja chumba cha pili: kule wanapika hivi, kule hatusemi hivyo.

Mwezi wa Ramadhani jirani yetu, dereva wa lori la kahawa, alirudi kutoka Dar es Salaam akamwambia Bibi: "Mama, siku hizi ninapita karibu kabisa na mji wa baba yako. Ukitaka, baada ya Idi nakupeleka. Ndani ya wiki tatu nimekurudisha."

Alasiri ile Bibi alimwambia baba: "Nataka kwenda."

Baba hakuwa mtu wa kusema ndiyo au hapana papo hapo. Kila jambo alilipima kama suruali. Ijumaa baada ya sala alituita sote barazani, akatandika kitambaa cheusi mezani, akachora mstari katikati kwa chaki yake ya kushonea. Huku faida, huku hasara. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuja kutoka upande wa pili wa mtaa na mwalimu wa darasa letu, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, aliitwa awe shahidi. Mwalimu hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa mtu wa baraza ile. Kila jioni alikuja kunywa chai bila sukari na kubishana na baba kuhusu mpira.

Upande wa faida vikaandikwa: kaburi la wazee, ndugu kama wapo, bahari. Upande wa hasara: magoti ya Bibi, siku tano ndani ya lori, ruhusa ya kusafiri ambayo ofisini waliitoa kwa kusuasua. Mama akasema Bibi asiende peke yake, aende na mimi. Mimi nikasema naogopa bahari, maana maji makubwa kuliko yote niliyoyajua yalikuwa mto Nyabarongo. Wakacheka. Baba hakuliandika hilo.

"Na masomo?" akauliza.

"Likizo ya Pasaka iko karibu," mwalimu akasema. "Zile siku atakazokosa, mimi nitamfundisha hapa barazani. Mwache mtoto aone."

Kisha shangazi akasema kile ambacho wote walikuwa wanakizunguka. "Mama, na wakikukataa? Hapa tunaitwa wageni. Ukifika kule wakakuita mgeni pia, utarudi na nini?"

Nakumbuka Bibi alikuwa anapanguza magoti yake kwa viganja, kama yenye vumbi.

"Basi nitajua," akasema. "Nimekaa umri wangu wote sijui."

Baba akatazama kitambaa. Upande wa hasara ulikuwa mrefu zaidi, hata mimi niliona. Akakikung'uta, chaki ikaruka, akasema: "Nitakushonea gauni la safari."

Tuliondoka siku mbili baada ya Idi. Mama alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha. Baba alinikumbusha nisimwache Bibi ashuke lorini bila kumshika mkono. Hakusema zaidi, alikuwa na nguo ya harusi ya mtu ya kumaliza.

Njia sitaieleza sana. Tulipita Kibungo, tukavuka mpaka wa Tanzania pale Rusumo, na baada ya hapo ilikuwa ni vumbi na jua, na dereva akiimba ili asisinzie. Bibi alikaa wima kati yetu. Kila tuliposimama kula aliwauliza watu kama Bagamoyo bado iko mbali, nao walicheka kwa jinsi alivyouliza.

Mji wenyewe, nikwambie kweli, ulimpiga Bibi kofi. Alitarajia mji mkubwa. Tulikuta mitaa ya mchanga, nyumba za zamani zilizobomoka juu, milango ya nakshi isiyo na vyumba nyuma yake, mbuzi wamelala kwenye vizingiti. Joto lilitukaba kama blanketi lililolowa. Dukani aliomba chumvi akasema, "Chumvi iko?" na wasichana wakaangua kicheko. "Bibi wa bara huyo!" Yeye aliyetusahihisha maneno miaka yote Biryogo. Alilipa, akatoka, akasimama kivulini muda mrefu.

Siku ya tatu tuliwapata ndugu. Bibi kizee mmoja msusi wa mikeka alilikumbuka jina la baba yake Bibi, akatupeleka kwenye nyumba ya makuti nyuma ya msikiti. Walitoka watu wazima wanne, wakatukaribisha mkekani, wakaleta maji. Bibi alipojieleza, nyuso zao zikabadilika. Mkubwa wao, mwanamume mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, alisema polepole:

"Mama, huyo mzee alisomewa hitima kabla mimi sijazaliwa. Walisema amefia njiani. Minazi yake iligawanywa. Aliyegawana amegawana."

Sikuelewa. Bibi alielewa mara moja. Shangazi alikuwa amepatia, ila hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria minazi.

"Sikuja kudai minazi," Bibi akasema.

"Sasa umekujia nini?"

"Nimekuja kuwaambia kuwa hakufia njiani. Aliishi mpaka akazeeka. Alifia kitandani kwake, nimemshika mimi. Tulikuwa watoto saba, na mpaka mwisho akinawa mikono alisema, kwetu tunanawa hivi."

Akawaonyesha: kiganja juu, kisha chini, kisha vidole kimoja kimoja.

Mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni akaanza kulia. Yule wa kofia akatazama mikono ya Bibi, akamgeukia mkewe, akasema, "Kuna nazi ndani?" Tukalala pale siku hiyo, na siku zilizofuata. Walitaka majina ya wale watoto saba, na watoto wa watoto. Mimi walinipeleka baharini. Niliingia mpaka magotini, nikatoka. Sikuipenda, na sijaipenda hadi leo.

Tulikuwa tunahesabu siku za lori kurudi kutuchukua pale redio ilipoanza kutaja Kigali. Ilikuwa Aprili. Mwanzoni walituambia tungoje wiki moja. Kisha hawakutuambia kitu, walizima redio tulipoingia. Lori halikuja. Watu waliotuogopa kwa minazi yao walitupa chumba na kitanda, wakatulisha miezi saba. Bibi hakulia mbele yangu. Alisuka ukili wa mikeka na wanawake wa pale, mbaya sana, wakaufumua jioni bila kumwambia.

Tulirudi Novemba, kwa lori jingine. Mama alikuwa hai, na kaka zangu wawili. Shangazi pia. Dereva hatukujua kilichompata, na hatujajua. Mama alitueleza mara moja, akiwa amesimama, na hakurudia: mwalimu alikuwa amefichwa chumbani kwa Bibi, chini ya vitambaa. Wenye mapanga walikuja wakamwambia baba amtoe. Baba akasema ndani hamna mtu. Wakaja tena. Wakawachukua wote wawili.

Nimefikiri sana juu ya kile kitambaa cheusi, jinsi watu wazima wenye akili walivyokaa mchana kweupe wakapima kila kitu, magoti, shule, aibu, na lililokuwa linakuja hakuna aliyelitaja. Sidhani walikuwa hawaoni. Mwalimu alitoa kitambulisho chake cha Mtutsi mara tatu kwa siku. Lakini barazani kwetu watu walikuwa wanapanga wiki tatu, kama watu wote. Namna ile ya kupanga imekwisha. Mimi mwenyewe sipangi, na ndiyo maana binti yangu hajapata jibu.

Mtaa ulijaa watu wapya mwaka ule, Wanyarwanda waliokulia Uganda, Tanzania, Burundi, kila mmoja na Kiswahili chake. Katika nyumba ya mwalimu aliingia mama mmoja aliyetoka Kampala na watoto wake. Hakuwa na kosa. Nyumba ilikuwa wazi. Siku ya pili Bibi alijikongoja mpaka mlangoni kwake. Mama akanituma nimfuate, akihofia ugomvi. Nilimkuta Bibi amesimama kizingitini, yule mama mgeni amembeba mtoto kiunoni, amekaza uso.

"Sikuja kukutoa," Bibi alikuwa anamwambia. "Nimekuja kukuambia tu. Humu alikaa mwalimu. Alikunywa chai bila sukari. Alikuwa na sauti kubwa kwenye mpira."

Yule mama akaweka mtoto chini, akavuta kigoda, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika: "Mukae, mama. Munipe jina lake."