Alinivunja Mkono kwa Ajili ya Sahani za Meli Iliyozama

Wapendwa wasomaji, mwenye ukurasa huu ameahidi kulificha jina langu, basi nami sitawaficha kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Ihanda, Karagwe. Nina mume na binti mmoja. Sasa niko kwa wazazi wangu. Mkono wa kulia umefungwa vijiti, hivyo nisameheni mwandiko, natumia wa kushoto.

Kabla ya kunioa, mume wangu alikaa pwani miaka mingi tangu vita vya pili vya dunia vilipokwisha. Alikuwa mzamiaji wa tajiri mmoja aliyetafuta vyombo vya Kichina kwenye meli ya kale iliyozama miambani. Alirudi na sahani nyeupe zenye maua ya buluu, nyingine bado zimegandiwa na makombe ya baharini. Akazipanga juu ya kabati. "Hizi haziguswi," aliniambia. Siku niliyozifuta vumbi alinizaba kofi nikaanguka na mtoto mgongoni.

Mwezi uliopita mama yake alikuja kutoka Bugene na wenzake wa kanisani. Sahani za bati hazikutosha. Mama mkwe mwenyewe akazishusha zile za Kichina. "Mwanangu, sahani ni ya kulia. Pakua ndizi." Nikapakua.

Tukiwa tunakula, mume wangu akaingia. Hakusalimia mtu. Alimpokonya mama yake sahani, ndizi za moto zikammwagikia mapajani. Kisha akachukua fimbo ya ng'ombe. Nilikinga kichwa, nikasikia mfupa umelia ka! Mama yake akamshika shati akipiga kelele, "Utaua mtu kwa ajili ya udongo?" Mume wangu akamsukumia kwenye kabati, nalo likaanguka pamoja na sahani zilizobaki juu. Zote zikavunjika. Hapo ndipo alipoacha kunipiga. Alipiga magoti akiokota vipande, damu ikimtoka viganjani, akiita, "Salimu! Salimu!"

Baadaye alimweleza mama yake. Salimu alikuwa mzamiaji mwenzake. Walikuwa chini pamoja, mguu wa Salimu ukabanwa na mbao za meli. Mume wangu alichukua kikapu cha sahani akapanda nacho kwanza. Aliporudi chini, mwenzake alikuwa amekwisha kufa.

Kaka yangu hakungoja kusikia hayo. Alimfuata migombani na panga. Vidole vitatu vya mume wangu vilibaki kwenye majani makavu. Askari wa chifu wakamfunga kaka kamba, wakaenda naye.

Juzi mume wangu alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama ilivyo desturi ya kumfuata mke. "Shikamoo, baba," alimwambia baba yangu. "Nirudishieni mke wangu, nami nitasema kwenye baraza la chifu kwamba nilijikata mwenyewe. Mkikataa, shemeji ataozea jela."

Baba ameipokea rubisi, ndiyo kusema amekubali nirudi. Mama ananililia: "Mke wa kaka yako ni mjamzito. Vumilia, mwanangu."

Nilimuuliza mume wangu mbele yao, "Utanipiga tena?"

Akatazama mkono wake uliokatwa vidole. "Sijui," akasema.

Baraza linakaa wiki ijayo. Nikirudi, kaka anatoka. Nikikataa, mtoto wake atazaliwa baba yuko kifungoni. Kina mama, kina baba, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nishaurini upesi.