Wimbo wa Kwanza Niliofundishwa

Nikinusa ndimu na majivu, hasira hunipanda hadi leo. Ndivyo tulivyosugua vyombo vya fanfari, bendi ya kanisa letu la Beni: nusu ya ndimu, majivu ya jikoni, kipande cha kitenge kuukuu, mpaka shaba ing'ae na vidole vinuke uchachu hadi kesho yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wapigaji wakubwa walikuwa wamekimbia mauaji, wengine Butembo, wengine Uganda, wakaviacha vyombo vikining'inia ukutani. Mwalimu Paluku, aliyebaki, alikusanya watoto wanane akatuambia kuwa sasa fanfari ni sisi. Mimi nilipewa tromboni kwa sababu nilikuwa mrefu, ingawa kila nilipolisukuma bomba lake hadi mwisho nilikaribia kuliangusha. Nilifurahi kupita kiasi. Dada yangu Masika alikuwa ameposwa, nami nilimwahidi kwamba siku atakapotoka kanisani na mumewe, mimi ndiye nitakayewatangulia nikipiga.

Noti hatukufundishwa. Mwalimu alisimama nyuma yangu, akanishika kiwiko, akausukuma mkono wangu mpaka hapa, akaurudisha mpaka pale, huku akipiga kiatu sakafuni polepole, moja, mbili, tatu, nne. Midomo ilivimba, mashavu yaliuma, na kwa wiki nzima sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe aliyekwama matopeni. Ilipokuja kunyooka, niligundua kwamba wimbo wenyewe ni ule wa kushusha jeneza. Nilipouliza wa harusi, alinijibu bila kunitazama: "Ya ndoa tutayifunza nyuma, Kavira. Batu ba Oicha beko natungojea."

Basi tukaenda kuzika Oicha, mji wa jirani ambako watu walikuwa wakiuawa. Tukarudi, tukaenda tena, wiki baada ya wiki, tumepanda nyuma ya lori la kakao, katika sare zilizotupwaya. Watu wazima walituona tumesimama ukingoni mwa makaburi, mbele ya majeneza ambayo mengine yalikuwa mafupi kuliko tromboni yangu, na hakuna hata mmoja aliyesema watoto hawa warudishwe nyumbani. Mara ya kwanza nilipoanza kulia, Mwalimu aliniinamia. "Hapana lia. Ukilia, pumuzi haitatosha." Nikanyamaza, na pumzi ikatosha. Nawachukia waliotuletea mapanga, hilo halihitaji maelezo. Lakini Mwalimu naye sijamsamehe, ijapokuwa najua hakuwa na watu wengine wa kuwapeleka.

Wimbo wa harusi alinifundisha siku tatu tu kabla ya harusi ya Masika. Niliushika haraka, nikajisifu nyumbani. Siku yenyewe milango ya kanisa ilifunguliwa, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaanza. Noti zote zilikuwa sahihi. Ila mkono ulikwenda kwa mwendo wa Oicha, ule ule wa kiatu, moja, mbili, tatu, nne, na kila nilipojaribu kuuharakisha ulirudi pale pale. Vigelegele vilikatika. Maharusi walipunguza hatua bila kutaka, watu waliokuwa nyuma yao wakapunguza, na mama mkwe wa Masika akajishika kichwa kwa mikono miwili. Dada yangu aliniinamia, shela likanigusa usoni. "Kavira, uko natuzika?" Aliniuliza kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kofi.

Siku hizi ninafundisha watoto tisa katika kanisa moja hapa Butembo. Ninawaanzisha na nyimbo za harusi, za mwendo wa haraka, na wakikosea tunacheka tunaendelea. Wiki iliyopita mchungaji alitukuta mazoezini. Familia moja iliyokimbia kutoka Eringeti ilikuwa inazika mtoto wao. "Mwalimu, batoto bako beko tayari?" aliniuliza. Nilimwambia ule wimbo hawaujui, na kwangu mimi hawatajifunza. Akasema ni mfupi, wangeushika kwa siku moja. "Hapana," nilimjibu, kwa sauti iliyowafanya watoto washushe vyombo vyao. Kisha nikachukua tromboni yangu, nikaenda mwenyewe. Ilikuwa miaka mingi tangu niupige wimbo ule. Mkono wangu haukukosea hata mahali pamoja.