Nzi wa manyoya ya kuku

Msicheke anayeshinda ziwani na ndoano. Enzi za Katanga huru, jimbo letu lilipojitangazia nchi yake na mji wetu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, basi letu lilisimamishwa kwenye kizuizi kando ya ziwa. Kitambulisho changu kilisema nimezaliwa Kasai, jimbo jirani ambalo watu wake walihesabiwa maadui, na miaka ile neno hilo lilitosha kukushusha usirudi tena.

Askari alianza na mpishi aliyeketi mbele yangu, mwenye ufito mrefu wa kuvulia. Kikopo chake kilijaa ndoano zilizofungwa manyoya ya kuku.

«Hii dawa ya nani?»

«Hapana dawa, chef mukubwa. Ni nzi ya kudanganya samaki. Patron, ule muzungu nilimupikia, alinifundisha, kwabo banakamataka samaki ya truite na hii.»

«Onyesha.»

Wakashuka ukingoni. Uzi ukapaa, ukajikunja hewani polepole, ukatua bila kuyashtua maji. Tena. Na tena. Abiria tulifuata uzi kwa macho kama tuko misani. Askari akalaza bunduki majanini, akaomba ufito, akarusha kwa mkono wa mtu anayebembeleza mtoto.

Dereva akanong'ona: «Chef, na carte za bantu bengine, hauangalie vitambulisho?»

Hakugeuka. «Muende. Munaogopesha samaki.»

Sijui kama alipata samaki. Aliyemponyoka ninamjua: ndiye anayeandika safu hii.