Dirisha la Mahakama ya Zamani

Jumamosi iliyopita nilicheza muziki na mkwe wangu kwenye harusi ya binti yangu. MC alituita katikati ya ukumbi, nikacheka kama wengine, lakini miguu ilikuwa mizito. Ukumbi wenyewe, usione mapambo yale, ulikuwa mahakama ya kijijini kwetu, upande wa Kongwa. Kesi zilipohamia mjini ukawa darasa letu, na mwaka wa njaa madawati yakatolewa nje, pakajazwa mahindi ya msaada.

Mwaka ule tulikula mlenda mtupu, mboga bila ugali. Bibi alitulea watoto watano, na siku ya mwisho ya mgao tulipanga foleni toka alfajiri. Mkuu wa kaya alitakiwa aingie mwenyewe, aweke dole gumba. Tulipofika mlangoni, bibi akasimama ghafla, akajifunika kanga usoni. Karani mwenye daftari alikuwa mume wa shangazi yangu. Kwa Wagogo wa wakati ule, mama mkwe na mkwewe hawakutazamana usoni wala kuingia chumba kimoja.

Msimamizi kutoka mjini akaita jina la bibi. Mwalimu wetu akamwomba msimamizi amruhusu karani apishe kidogo. Akakataa, akasema karani akiinuka asirudi tena kazini. Akaita mara ya pili. Nilimvuta bibi mkono huku nalia, na nakiri saa ile nilimchukia.

"Siwezi, mjukuu wangu," akasema. "Nikiingia humo nitamwaibisha shangazi yako."

Msimamizi akaita mara ya tatu, kisha akamgeukia karani. "Kata jina lake."

Karani akaweka kalamu chini. Mlangoni alisimama mama mkwe wake, kwa hiyo akapanda benchi, akatoka nje kwa kupitia dirishani. Bibi akaingia, akaweka dole, tukatoka na gunia.

Kazi ya karani ikaishia hapo. Alichunga ng'ombe wa watu miaka mingi, na kila mavuno bibi alinituma nimpelekee karanga, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeweza kumshukuru.

Siku hizi vijana wanauita mwiko ule ushamba, nami sibishani nao. Ila nakumbuka msiba wa bibi. Wazee walimruhusu mkwewe aingie chumbani, akiwa na mvi tayari. Akapiga magoti, akafunua shuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama," akasema.