Ugonjwa wa Watu wa Kwingine

Asubuhi niliyoondoka kwetu Chapwa, karibu na Tunduma, sikuwa na mpango, ila kwenda kuuliza. Nilivaa sweta, nikatia shuka kwenye mfuko, nikamuaga dada yangu Eliza, aliyekuwa akitoka chooni huku ameshika ukuta.

Utumbo wa Eliza una uvimbe usioisha. Ndivyo tulivyoelezwa hospitali ya rufaa Mbeya alipopimwa kwa kamera, baada ya kumeza dawa za amiba na taifodi miaka mingi huku akiendelea kutokwa damu. Daktari alisema huku kwetu ugonjwa huo hauonekani mara nyingi, akaongeza kwamba pengine upo ila wengi hawajapimwa. Eliza alirudi nyumbani na nusu ya kwanza tu ya maneno hayo. Mama mkwe wake akamalizia: kama hakuna mwingine mwenye nao, basi huyu ametupiwa. Mganga alishapatikana, na sharti lake lilikuwa vidonge vya hospitali viachwe.

"Nitafutie mtu mmoja wa huku huku mwenye kitu hiki," Eliza aliniambia. "Ukimkosa, naenda kwa mganga, na usinisumbue tena."

Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo nimekuwa mtu wa njiani. Nilijua kazi hiyo naiweza.

Mpakani Tunduma nilianza na mama ntilie wanaowauzia chakula madereva wa malori. Wakanihakikishia kuwa huo ni ugonjwa wa ng'ambo, niende nikawaulize Wazambia. Nikavuka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Fundi viatu mmoja akanitazama kwa huruma, akasema matumbo ya kuharibika ni ya Watanzania kwa sababu ya pilipili zao. Nikarudi nikicheka peke yangu, nikapanda gari la kwenda Isongole.

Isongole nilifika jua likiwa kichwani. Mama mmoja muuza maharage alinikaribisha chai kibandani kwake. Nilipomweleza shida yangu, hakuchelewa kujibu.

"Huo ni wenu wa Tunduma, baba. Chipsi, soda na kukesha. Sisi tunakula ndizi."

Wenzake wakacheka, mmoja akaniuliza kama nimekuja kuwauzia dawa. Nikanywa chai yangu polepole. Nilianza kuona kosa langu: nilikuwa nauliza kama askari anayetafuta mwizi, na mwizi siku zote anaishi kwa jirani. Nikageuza swali. Nikauliza kama wanamjua mtu aliyemeza dawa za amiba mpaka zikashindwa.

Kicheko kikakatika. Yule mama akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu," alisema. "Alizimeza mpaka tukamzika. Tulidhani ni maji ya kisima, tukahama kisima."

Aliyeniuliza habari ya dawa akasema shemeji yake yuko hivyo hata sasa, anakonda na kuona aibu. Nilimwandikia njia ya kufika Mbeya kwenye kipande cha boksi. Hata hivyo, hao hawakuwa wamepimwa, na Eliza asingekubali ugonjwa wa kukisia. Nilihitaji mtu aliye hai, anayejua anachoumwa.

Kutoka hapo nilirudi barabara kuu, nikashuka Mlowo, nikapata lori tupu lililokuwa likienda kuchukua mpunga Kamsamba. Sababu ya kulipanda ni kwamba lilikuwa linaondoka. Barabara inateremka, sweta likaingia mfukoni, na bondeni joto likatupokea pamoja na vumbi la ng'ombe.

Kamsamba tulifika jioni. Dereva akanipeleka kwa familia moja ya wafugaji wa Kisukuma wanaopangisha chumba. Mama wa nyumba, Mama Kulwa, alinipokea mfuko. Kabla hajanionyesha kitanda, akanionyesha choo. Njia ilikuwa imefagiwa, haina gogo wala kamba ya mbuzi, na ndoo ilikuwa imejaa maji. Akaniambia taa inakaa hapa, mlango unasukumwa hivi.

Nilisimama nikimtazama. Mgeni huonyeshwa kwanza pa kukaa. Ninayemjua anayeanza na choo ni mmoja tu, Eliza.

"Mama, samahani," nikasema. "Dawa za amiba zilishindwa kukuponya?"

Akakunja uso. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza habari za Eliza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwao waliambiwa ni ugonjwa wa wakulima wasiokunywa maziwa, naye amekulia mazizini. Mumewe aliuza ng'ombe, akampeleka Mbeya, akapimwa kwa kamera. Vidonge anavyo.

Nikampigia Eliza, nikampa Mama Kulwa simu. Wakasalimiana. Mama Kulwa akauliza, "Na wewe ukifika sokoni unatafuta choo kabla ya nyanya?"

Nilisikia dada yangu akicheka, kisha nikasikia kilio. Mama Kulwa akanifanyia ishara ya mkono nitoke.

Nilikaa nje nikiwatazama ng'ombe wakirudi. Siku hizi mtu akiniuliza ugonjwa huu uko wapi, namjibu upo kila nilikopita, ila kila mahali wanakuelekeza kwingine.

Mama Kulwa alitoka na simu mkononi. "Nina kliniki mwezi ujao," alisema. "Amesema atanisubiri Mlowo, twende pamoja. Sasa njoo uone kitanda chako."