Muhogo wa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na kwa maneno hakuwa na mpinzani Ihumwa nzima. Akisimama mbele ya wakulima na kikoti chake cha kaki, utadhani mvua yenyewe inasubiri ruhusa yake. Ugonjwa wa batobato ulikuwa umeingia kwenye muhogo, majani yanajikunja na kutoka mabaka ya njano, na wimbo wake ulikuwa mmoja. Wanaoueneza ni inzi weupe, wadogo kuliko punje ya uwele. Ukiona mti una mabaka usiuonee huruma: ng'oa, choma. Watu walimpigia makofi. Mimi nilikaa nyuma nikijisemea, haya, tutaona.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka ya mjini yalijaa kila kitu, na mshahara wa serikali ulikuja siku ukijisikia. Kilichotulisha miezi ya njaa ni muhogo wangu nyuma ya nyumba. Nasema wangu kwa sababu bwana shamba hakuwahi kuupalilia, jembe lingemchafua. Ulikuwa safi, majani mapana, na watoto wangu hawakuwa na akiba nyingine.

Siku moja kondakta wa basi la Kondoa akatushushia mzigo wa miti ya muhogo iliyofungwa kamba ya katani. "Ya bwana shamba, imetoka kwa mama yake," akasema, akagonga bodi, basi likaondoka. Miti ilikuwa bado na majani, na majani yamejikunja, yana mabaka. Nani anasafirisha mbegu ya muhogo na majani yake?

"Baba watoto," nikamwambia, "huu si ndio ugonjwa wako ule?"

Akaangalia. Alijua, nilimwona usoni kwamba anajua.

"Ni mbegu ya mama," akasema. "Kwetu mbegu ya mama haitupwi."

"Basi ipande mbali na wangu."

"Akija akaikuta imetengwa kama mkoma, nitamwambia nini?"

Siku hiyo, eti, jembe alilijua. Akakata pingili, akazipanda katikati ya muhogo wangu. Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu wangu aliukaribisha ugonjwa ndani akautandikia kitanda.

Inzi weupe wakaja. Ukitikisa jani wanaruka kama unga wa chekecheke. Nikamwomba aing'oe, akasema nisubiri mama aje aione kwanza. Majani ya muhogo wangu nayo yakaanza kujikunja. Nilipofukua shina la kwanza nikakuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Nikamdharau mwanamume yule dharau ambayo sikujua ninayo. Na jioni anarudi nyumbani koo limemkauka kwa kuhubiri vijiji vya watu: ng'oa, choma.

Mama mkwe alikuja kiangazi. Nikampa shikamoo, nikampa maji, na kabla hajakaa akataka kuona shamba. Mume wangu akamtangulia, anatabasamu. Mama akasimama katikati ya yale majani yaliyokunjamana.

"Hii si ile niliyokutumia?"

"Ndiyo hii, mama. Nimeitunza."

"Nilimwambia yule kondakta akwambie uiangalie inaumwa nini. Hakukwambia?"

"Hakusema, mama."

"Na macho? Yangu niliing'oa zamani, nikachoma. Alikuja kijana wa kilimo, mgeni kabisa, akaniambia ni batobato." Akamtazama mwanawe toka viatu hadi kichwani. "Wewe ukiletewa mgonjwa umtibu, unamwoza binti yako?"

Akafunga kanga yake kiunoni, akaanza kung'oa, wake na wangu, kwa sababu wangu nao ulikuwa umekwisha. Mimi nikamfuata. Watoto walikuwa mlangoni wakitazama chakula chao kikirundikwa.

Bwana shamba akasimama kando na kikoti chake. Mwishowe akaniuliza, kwa upole sana, jembe liko wapi.

"Lipo palepale," nikamjibu, "ulipoliacha siku uliyopanda."